Jinsi Babu Alivyogeuka Steji

Enzi zetu, na nyinyi mliokulia Kabras mtanisahihisha nikikosea, mtoto hakuhitaji simu kujua kumekucha. Tuliamshwa na mapanga. Babu yangu, mzee Mukolwe, alikuwa na jiwe kubwa la kunolea kando ya barabara ya murram, na wakataji miwa walinoa hapo kila asubuhi wakingoja trekta ya kuwapeleka mashambani. Kwii, kwii, kwii, nasi jikoni tunapuliza uji wa wimbi.

Shida yetu ilikuwa moja: hatukuwa wa ukoo wa pale. Babu alikuwa omumenya, mgeni aliyepewa kipande cha ardhi akae kwa hisani ya wenyeji. Wakubwa hawakulitaja, lakini watoto je? Tukiwafunga mabao kwa ule mpira wa majani ya migomba, Protus, mtoto wa jirani, alipiga kelele, "Rudini kwenu!" Siku moja nilimwendea nyanya nikilia.

"Kukhu, kwetu ni wapi?"

"Kwenu ni hapa," akasema, akisonga obusuma bila kugeuka. "Nawa mikono ukule."

Nilikula, lakini sikuamini.

Wakataji walitoka kila upande na hawakujali mambo ya koo. Waliambiana tu, "Tukutane kesho kwa Mukolwe." Dereva wa trekta akalidaka jina, makanga wa matatu wakaliimba hadi Kakamega mjini. Ikafunguliwa posho mill ya kusaga mahindi, ikaitwa hivyo hivyo. Kanisa likafuata, kisha shule. Tulimzika babu, lakini jina lake halikukubali kukaa nyumbani.

Leo watoto wa Protus wanavaa sweta za shule zenye MUKOLWE kifuani! Na majuzi, kwenye mkutano wa wakulima wa miwa mjini, Protus mwenyewe alisimama kujitambulisha: "Mimi ni mtu wa Kwa Mukolwe." Nilipiga makofi mpaka watu wakageuka. Babu, laiti ungemsikia! Tulishinda, tena bila kugombana na mtu.

Kweli, jiwe lilifukiwa lami ilipokuja, na vijana wa sasa, wavivu hata wa kumaliza neno, wanapaita Mukoz. Hawajui mzee alikuwa nani. Hilo huniuma kidogo. Wiki iliyopita nilipanda bodaboda ya kijana mmoja wa ukoo ule ule wa Protus, akaniuliza jina langu. Nikamwambia, Mukolwe. Alicheka nusura atuangushe.

"Kumbe mzee, walikuitanga jina ya steji yetu?"

Sikumsahihisha. Zamani nililia kwa kuitwa mgeni. Leo mwenyeji mwenyewe anadhani mimi ndiye niliyeazima jina kwao. Nilicheka naye mpaka tukafika.