Nilimwambia Mama Peke Yake

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa mwanasheria wa kampuni ya chanjo na dawa za mifugo mjini Shinyanga. Niliandika mikataba ya kuingiza dawa, ya kuisambaza, na ya kujaribu chanjo mpya kwenye mazizi ya watu. Nilijua kuandika kifungu cha kumkinga mteja wangu, na nilikionea fahari.

Mwaka mmoja mafuta ya taa yaliadimika. Majokofu yetu, yaliyotegemea mafuta hayo, yalizimika siku nne ghala likiwa limejaa chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe, ambayo ikipata joto huharibika na haikingi tena. Mtunza ghala aliandika barua kueleza. Iliponifikia, ng'ombe wa vijiji vitatu walikuwa wameshachomwa chanjo ileile, na kimojawapo kilikuwa chetu.

Meneja akaniuliza, "Tukikaa kimya, sheria inasemaje?"

Nikamjibu kwamba hakuna uthibitisho kuwa chanjo imeharibika, na kwamba kusitolewe tangazo mpaka maabara ya Dar es Salaam ijibu. Wote wawili tulijua jibu lingechukua miezi.

Jumamosi nilikwenda kijijini. Mama alikuwa anachambua pamba.

"Mayu, wahamishe ng'ombe. Wapeleke kwa mjomba, mbali na malisho ya hapa."

"Si wamechanjwa?"

"Wahamishe tu. Na usimwambie mtu."

Alinitazama kidogo, kisha akaendelea na pamba yake. Kesho yake ng'ombe wetu waliondoka.

Zizi lililopakana na letu lilikuwa la mzee ambaye, nilipofaulu kwenda sekondari na baba ameshakubali kuniozesha, alikaa naye siku mbili akimsihi mpaka baba akalegea. Bila yeye nisingekuwa mwanasheria. Nilimpita akiwakamua ng'ombe wake nilipokuwa nakwenda kupanda basi. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akauliza kazi inaendaje. Nikasema inaendelea vizuri.

Ugonjwa ulifika baada ya wiki tano. Ng'ombe walikohoa, wakanyoosha shingo kutafuta hewa, wakaanguka mmoja baada ya mwingine. Kwa mzee yule hakubaki hata ndama.

Alikuja ofisini na wenzake watano, wameshika barua iliyojaa alama za vidole gumba. Wakaelekezwa kwa mwanasheria.

"Nimewaambia hawa tuna bahati," alisema akikaa. "Huyu ni mtoto wetu."

Nikawaambia uchunguzi haujakamilika. Nikawaambia kampuni haiwezi kusema lolote kwa sasa. Maneno yalitoka yamepangika, kama ninasoma.

Mzee akanisikiliza hadi mwisho. Halafu akauliza taratibu, "Mama yako aliwahamisha ng'ombe wake mapema. Nani alimwambia?"

Wote wakanitazama. Mzee akachukua kofia yake, wakatoka.

Kijijini hakuna aliyemwita mama tena kwenye kulima kwa zamu, na yeye alipoomba msaada wa kupalilia, hakuja mtu. Alimpelekea mzee mitamba wawili. Mzee akawarudisha jioni ileile. Baada ya mavuno nikasikia amekwenda Geita kuchimba dhahabu, mtu wa miaka zaidi ya sitini.

Nilimfuata. Nilimkuta kwenye machimbo, amekaa chini anaponda mawe, mvi zake zimejaa vumbi. Nikampa nakala ya barua ya mtunza ghala. Nikamwambia ataweza kuishitaki kampuni, na mimi nitafukuzwa, na sijali.

Hakujua kusoma, kwa hiyo nilimsomea. Akaniuliza barua iliandikwa lini. Nikamwambia.

"Kumbe ulipita zizini kwangu ukiwa nayo," akasema.

"Ndiyo, baba."

Akanirudishia karatasi na kuendelea kuponda mawe. Nilisimama pale mpaka jua likanichoma, nikingoja anitukane. Hakunitukana.

Jumatatu nilikuwa mezani kwangu. Meneja akaniletea mkataba wa shehena nyingine ya chanjo, nikachukua kalamu.