Ganzi Mdomoni, Siku ya Kusema

Haya, chekeni, maana aibu yenyewe imeshaanza kunitoka. Mwezi ule usingizi ulikuwa umenikimbia. Mwenzangu wa Diani alikuwa ameniacha akaenda kuoa, na msiba wa namna hiyo, mwanamume huku kwetu haulii mbele za watu (huulia bafuni, maji yakimwagika). Mshauri nasaha wa kwanza niliyemwendea alinishauri nami nioe. Rafiki yangu akaniapia kwamba yuko mwingine, kliniki moja ya Msambweni, yeye husikiliza tu, hahubiri.

Asubuhi natoka, Shangazi Mwanasha, aliyenilea, akaniuliza naenda wapi. Nikasema jino. Neno moja tu. Akavaa buibui, akanifuata hadi kwa daktari wa meno wa kliniki ile ile, akasimama mlangoni, nami nikaona haya kusema siumwi, nikafungua kinywa nikitumai nitaambiwa niende zangu, kumbe nyuma kuna gego bovu nisilolijua, nikachomwa sindano ya ganzi, likang'olewa.

Nikamwambia Shangazi nafuata dawa, nikajipenyeza kwa mshauri, mdomo umelala upande, udenda unanitoka. Mama yule akaniuliza kilichonileta. Nikasema. Hakunielewa. Nikarudia, akasogea karibu, akaniomba radhi. Mara ya tatu nikapaza sauti kama mnadi samaki: "Nampenda mwanamume, na ameniacha."

Ukuta wenyewe wa mbao. Nje benchi zima la wagonjwa likasikia, na Shangazi alikuwa kwenye benchi lilo hilo.

Mshauri hakucheka. Akaniambia ganzi itaisha, nisiharakishe. Nikalia mpaka nikachoka, asinikataze.

Nilipotoka, Shangazi akanishika mkono mbele ya wote, hakuuachia hadi nyumbani. Aliponipa uji wa vuguvugu ndipo akasema, "Mambo yako mengine siyaelewi, mwanangu, wala sitakudanganya. Lakini nyumba moja nami, hulali, na mimi nisiambiwe?" Kisha, akitazama pembeni, akauliza kama yule mama huwapokea na wajane kama yeye.

Siku hizi twaenda sote, kila mtu na zamu yake. Wako wawili watatu wa benchi lile walioacha kuniitikia salamu, na hilo laniuma bado. Ila nimeapa, nikiulizwa tena naenda wapi, nitasema kweli pale pale, kwa sauti ya chini, kuliko kuja kuitangazia Msambweni nzima.