Silaha Haina Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa fagio, kitambaa cha pamba na onyo. Fagio lilikuwa la sakafu, kitambaa cha kufutia vumbi kwenye mitutu, na vumbi la Dodoma mnalijua. Onyo lilitoka kwa Sajini, askari mstaafu aliyekuwa fundi wetu wa silaha. Alikuwa mfupi, mweusi tititi, na sauti yake ilikuwa bado iko kwenye gwaride.

"We Mgogo," aliniambia kabla hata sijamaliza shikamoo, "humu ndani kila chenye mtutu kina risasi mpaka macho yako yaseme hakina. Siyo masikio. Macho."

Alikuwa Mhehe wa upande wa Mtera, na Mhehe na Mgogo ni watani, kwa hiyo nilimjibu palepale kwamba mimi sikuja kufundishwa na mla mbwa. Akacheka mpaka akakohoa. Tangu hapo tukaelewana.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Shirika la umma nililokuwa karani wake lilikuwa limetupunguza kazini, kundi zima kwa barua moja. Upande wa pili maduka ya watu binafsi yalikuwa yanafunguliwa kila kukicha, na mali iliyokuwa haionekani ikaanza kuonekana: redio, baiskeli, mafuta ya kula kwa madebe. Palipo na mali pana mwizi. Wenye mali wakaanza kuulizia silaha, na tajiri mmoja wa mjini akapata kibali cha kuziuza. Mimi nilikuwa nimepita JKT, bunduki naijua, kuandika naweza, nikachukuliwa. Duka lilikuwa nyuma ya soko, lina nondo madirishani na kibao kidogo ambacho mtu asiyekitafuta hakioni.

Vijana mnadhani mtu aliingia tu akanunua bastola kama anavyonunua kandambili. Thubutu. Mteja alianzia kwa balozi wake wa nyumba kumi, akapanda kwa mtendaji wa kata, faili likaenda kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, kisha polisi. Wengine walizunguka miezi mpaka viatu vikaisha visigino. Mtu wa namna hiyo akifika kaunta ameshachoka, anataka chombo chake aondoke. Hapo ndipo alipokutana na Sajini, na safari ikaanza upya.

Sajini alikuwa na sheria yake. Mtu akikupa silaha, unaifungua mbele yake. Unatoa magazini, yaani kile kikasha cha risasi kwenye mpini, halafu unavuta slaidi, kile kifuniko cha juu, unatazama ndani ya chemba, mahali risasi moja hukaa ikisubiri. Magazini ikitoka watu wengi hudhani bastola ni tupu. Ile moja ya chemba ndiyo inayoua watu wa nyumbani. Akikupa yeye, unakagua. Ukimrudishia, naye anakagua, hata kama haijapita dakika. Ilikuwa kama ugomvi usioisha.

"Huniamini?" nilimuuliza siku moja.

"Nakuamini sana. Ndiyo maana nakagua. Silaha haina mtani, haina mzee, haina mkwe. Haiamkiwi."

Mimi na yeye hatukupata tabu, maana utani ulitusaidia. Nilikuwa nikifungua bastola aliyonipa namwambia Mhehe haaminiki hata akishika kijiko. Sikujua kwamba nilikuwa nimejifunza nusu tu ya somo, ile nusu nyepesi.

Baadaye Meneja, kijana wa tai na viatu vinavyolia, aliona tuanzishe mafunzo ya bastola ya kujilinda, maana polisi walipenda mteja awe amefundishwa. Sajini akawa mwalimu, mimi msaidizi wake. Tulikwenda kila Jumamosi asubuhi kwenye shimo la kifusi lililoachwa, upande wa Mtumba. Wakati huo Mtumba ilikuwa miiba na mbuzi, hakuna aliyeota kwamba wizara zingehamia huko.

Wanafunzi wetu walikuwa wenye mashine za kusaga, watumishi wa ofisi za chama na za bunge, wafanyabiashara wa alizeti. Walikuja na miwani ya jua. Jumamosi mbili za kwanza hawakupiga risasi hata moja. Walikuwa wanapeana bastola tupu, anafungua huyu, anafungua yule. Walinung'unika.

"Sajini, nimekuja kujifunza kupiga, siyo kupokea," alisema mmoja.

"Haya, mwizi huyo yupo mlangoni kwako," Sajini alimwambia. "Umeshamlenga. Nyuma yake kuna nini?"

"Ukuta."

"Wa nini?"

"Tofali mbichi."

"Nyuma ya ukuta?"

Yule bwana akavua miwani. Nyuma ya ukuta walikuwa wanalala mama yake na wapangaji wanne. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Chang'ombe alimaliza mafunzo yote, alikuwa mlengaji hodari kuliko wanaume, kisha akaja dukani kusema hanunui tena. "Nimepiga hesabu za vyumba vyangu," alisema. "Nitafuga mbwa." Meneja alikasirika wiki nzima. Sajini alisema huyo ndiye mhitimu wake bora, akamletea perege wakavu kutoka kwao.

Sasa nifike kwenye lile jambo. Nimelizungukia kwa sababu mpaka leo linaniuma.

Mume wangu ni Mrangi wa Kondoa. Baba yake, Mzee Hamisi, alikuwa mfanyabiashara wa karanga na mafuta ya alizeti, mtu wa msikitini, mpole, anayeheshimiwa milima yote ile. Majambazi walimsimamisha barabara ya Kondoa, wakampiga mbele ya wafanyakazi wake. Alipopona aliomba leseni ya bastola, akaipata. Lakini mafunzo aliyakataa. Hakusema kwa ubaya. Alimwita Meneja pembeni akamwambia, "Mwanangu, pale shimoni anafundisha mkwe wangu. Nitasimamaje mbele yake ananiamrisha nyanyua mkono, shusha mkono?"

Meneja akaelewa haraka kuliko ilivyotakiwa. Akampa cheti cha mafunzo asiyoyafanya.

Nisimlaumu Meneja peke yake. Moyoni nilishukuru. Mimi na Mzee Hamisi hatukuwahi hata kupeana kikombe mkono kwa mkono. Akiingia naondoka mkekani, akisema natazama chini. Ndivyo nilivyolelewa, na sikuona ubaya wake.

Mwaka haujaisha, akaja dukani asubuhi moja. Slaidi ilikuwa imeanza kukwama kwa vumbi, alitaka isafishwe. Nikapiga goti nyuma ya kaunta.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Wajukuu hawajambo?"

"Hawajambo, baba."

Akatoa magazini, akaiweka kando ya bastola juu ya kaunta, asinipe mkononi. "Nimeshaitoa yote," alisema. "Haina kitu."

Nilitakiwa kuifungua mbele ya macho yake. Mkono ulifika juu ya slaidi. Nikaona nikiivuta nitakuwa nimemwambia baba wa mume wangu, mbele ya wateja wawili waliokuwa pale, kwamba anasema uongo. Nikauondoa mkono. Nilijiambia nitaikagua akishatoka. Akatoka, nikamsindikiza mpaka mlangoni, nikarudi, mteja mwingine akaniuliza jambo. Kisha nikachukua kile kipande cha boksi tulichokuwa tunafunga kwa uzi kwenye kila silaha inayoingia, nikaandika jina la mwenye mali, na chini nikatia sahihi yangu. Sahihi hiyo maana yake ilikuwa moja: nimetazama chemba.

Bastola za aina ile, ili kuzifungua vipande ni lazima kwanza uvute triga, kile cha kufyatulia. Nilimpelekea Sajini kwenye karakana yake nyuma ya duka, akaelekeza mtutu kwenye ndoo ya mchanga kama alivyofanya siku zote, mkono wa kushoto umeshika mbele, karibu na mdomo wa mtutu. Tulisikia mlio mmoja. Nilipoingia karakana alikuwa amekaa chini, anautazama mkono wake kama wa mtu mwingine, damu inaingia mchangani. Alinitazama akasema kwa sauti ndogo, "Mgogo, leta kitambaa." Nikaleta kile kitambaa cha pamba.

Hospitali walimkata vidole viwili, na kidole gumba hakikukunjika tena. Kwa fundi, huo ndio mkono umekwenda.

Kesho yake Meneja aliniita ofisini, akafunga mlango. "Mkaguzi wa polisi anakuja saa nne. Sajini ni mzee, macho yamechoka, alikuwa anachezea silaha ya mteja. Tuseme hivyo, duka litapona. Na mzee wako leseni yake itapona. Unanielewa, Mama Neema?"

Nilimwelewa. Kile kipande cha boksi kilikuwa mfukoni mwa gauni langu. Nilikikata mwenyewe wakati wanambeba Sajini, na sijui hata leo nilikikata kwa nia gani. Nikakaa nacho nje kwenye benchi. Nikisema, nampeleka mkwe wangu polisi. Nisiposema, mtu aliyenifundisha kazi anafukuzwa kama mzembe, na jina la uzembe kwa fundi wa silaha haliondoki hata kaburini.

Mkaguzi alipokuja nilikitoa nikampa. "Sahihi hii ni yangu," nilisema. "Sikutazama. Nilimwonea haya mkwe wangu."

Aliandika polepole. Nafikiri aliandika mara mbili, maana alinitaka nirudie.

Duka lilifungwa miezi mitatu. Meneja alihama. Mzee Hamisi alinyang'anywa bastola na kuitwa kituoni mara kadhaa, mzee wa msikitini anakaa benchi moja na wezi wa kuku. Mume wangu hakunipiga wala hakunitukana. Kondoa hatukwenda sikukuu mbili.

Nilikwenda kwa Sajini kuomba msamaha. Nilimkuta uani kwake anajifunza kumenya chungwa kwa mkono mmoja.

"Umekuja kulia?" aliniuliza. "Lia upesi tuongee. Nani alivuta triga?"

"Wewe."

"Nilifungua chemba?"

Nikalitazama lile chungwa.

"Miaka yote nakagua nyuma yako. Siku ile nikasoma sahihi yako nikaridhika. Nilikuheshimu, Mgogo. Wewe ulimheshimu mzee wako, mimi nikakuheshimu wewe, na risasi ikapita katikati yetu." Akanipa nusu ya chungwa. "Shimoni sasa utafundisha wewe. Mimi nitakaa kwenye kiti, nipige kelele."

Ndivyo nilivyokuwa mwalimu. Duka lilipofunguliwa, tajiri aliweka sheria kwamba hakuna cheti bila Jumamosi nne, hata mteja awe nani. Wateja waliniambia ninawadhalilisha. Nikawajibu ndiyo, nimeajiriwa kudhalilisha watu, fungua chemba.

Ulipita mwaka na zaidi. Jumamosi moja, gari lilisimama juu ya shimo, akashuka Mzee Hamisi katika kanzu yake. Polisi walikuwa wamekubali kumrudishia leseni kwa sharti la mafunzo. Hakuwa ameniambia, wala hakumwambia mwanawe. Magoti yangu yalitaka kwenda chini yenyewe. Sajini alikohoa kwenye kiti chake, basi, nikabaki nimesimama.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Akaichukua bastola yetu ya mafunzo, akanyoosha mkono. Hakuiweka juu ya jiwe wala juu ya meza. Alinipa mkononi. "Haina kitu, mwalimu," alisema.

Nikatoa magazini. Nikavuta slaidi, nikatazama chemba, nikaingiza kidole nihakikishe. Kisha nikamtazama usoni, mara ya kwanza tangu niolewe. Alikuwa na macho ya mume wangu.

"Siku ile ungenifanyia hivi," alisema, "ningekasirika sana. Ningekasirika siku moja." Kisha akaenda mpaka kwenye kile kiti, akaushika mkono wa Sajini, ule wenye vidole vitatu, akakaa nao muda mrefu.

Wote wawili sasa ni marehemu. Nilifanya kazi ile mpaka magoti yakagoma. Watu huniuliza kama najuta kuuza vitu vya kuua. Najiuliza pia, siku nyingine kwa ukali. Sijui kama bastola moja niliyouza iliwahi kumwokoa mtu. Najua wachache walioamua kufuga mbwa. Ninachokijua kwa hakika ni kwamba kwetu tumefundishwa heshima ya kuinamisha macho, na ni heshima nzuri, nimewafundisha hata wanangu. Ila kuna mahali ambapo kumheshimu mtu ni kumkagua, na mahali hapo hakuna aliyetufundisha nyumbani.

Siku ya kuagwa walinipa kitenge na saa ya ukutani. Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kumkabidhi funguo binti aliyechukua nafasi yangu, mtoto wa watu, mwenye adabu, anayepiga goti mpaka chini kila asubuhi. Ndani ya kasha la chuma ilikuwa imebaki bastola moja ya mteja. Nikaitoa, nikampa.

"Nimeshaikagua," nilimwambia. "Haina kitu."

"Asante mama," alisema. Akaipokea kwa mikono miwili, akanigeuzia ubavu kuelekea kwenye kasha, nikadhani anairudisha bila kutazama. Kisha akarudi, akasimama mbele yangu, akatoa magazini, akavuta slaidi, akatazama ndani taratibu. Hakuniomba radhi.

Nikachukua saa yangu ya ukutani nikaenda nyumbani.