Mguu wa Kushoto wa Mwalimu Zakaria

Sisi tuliokua Mwanza kabla bendera haijabadilika hatukuwa na televisheni ya kutuonyesha mpira wa Ulaya, na wala hatukuona kama tumekosa kitu. Wachezaji wetu tuliwajua kwa sura na kwa tabia. Uliyemshangilia Jumamosi, Jumatatu unamkuta bombani na ndoo yake, unampa shikamoo, anaitikia marahaba, na kama alikosa goli la wazi wazee wanamwambia palepale kabla hajajaza maji. Siku hizi wajukuu zangu wananuniana wiki nzima kwa ajili ya kijana wa Uingereza ambaye hata akipita Igoma leo hawezi kujua kama wapo duniani. Nikiwauliza amewafanyia nini, wanasema Bibi hujui mpira.

Mpira naujua. Mwezi uliopita tumemzika mchezaji wangu, Mwalimu Zakaria wa Nansio, kisiwani Ukerewe. Aliichezea timu ya chuo cha ualimu, kisha akachukuliwa Kampala kucheza kwa mshahara, jambo lililotushangaza wakati ule kana kwamba mtu analipwa kwa kula. Redio haikumtangaza alipofariki. Tuliomwona akicheza tumebaki wachache, na wengi wetu tunatembea na fimbo. Naandika haya kwa sababu namshukuru, na shukrani ya kukaa nayo moyoni mtu hanufaiki nayo.

Nyumba yetu ilikuwa mtaa wa chini, karibu na gati. Baba alikuwa seremala wa mashua, na nguo zake zilinuka mbao mbichi na samaki hata akivaa kanzu ya Ijumaa. Msimu wa pamba ukifika, malori yalileta robota za pamba kutoka kwa wakulima wa bara, yakapanga foleni kungojea meli, na sisi watoto tulipita chini yake tukiokota nyuzi zilizodondoka. Pamba hiyo tuliifunga ndani ya matambara, tukazungushia kamba za katani, ukawa mpira. Ukilowa maji ya ziwa unakuwa mzito hata kidole cha mguu kinalia, lakini ulidunda kidogo, na mpira unaodunda mtaani kwetu ulikuwa jambo la kujivunia. Wavulana walicheza chandimu, sisi wasichana tulicheza rede na mdako, na jua likielekea kuzama mama mmoja akiita, watoto wa nyumba zote walikimbia, kwa sababu mama yeyote alikuwa na ruhusa ya kukuchapa.

Jioni tulikula kwenye sinia moja. Ugali wa muhogo, sato wa mchuzi, na mikono ya kulia ikiingia na kutoka. Hapo ndipo shida yangu ilipoanzia, maana mimi ni mashoto. Mkono wangu wa kushoto ulifika kwenye sinia kabla sijauambia chochote. Bibi yangu mzaa baba, ambaye ndiye aliyekuwa na sauti ya mwisho nyumbani, alikata utepe wa kanga yake kuukuu, akawa ananifungia mkono huo kiunoni wakati wa kula, wakati wa kufagia, na wakati wa kuandika kazi za shule. Hakuwa mkatili. Usiku aliufungua akaukanda kwa mafuta ya nazi. Aliamini kabisa kwamba msichana anayepokea kitu kwa kushoto hataolewa, na akiolewa atarudishwa.

Shuleni mambo yalikuwa vilevile. Mwalimu mkuu alitembea na rula, na vidole vyangu vya kushoto viliifahamu vizuri. Kwa mkono wa kulia herufi zangu zililala, zikapandana, na wino ukamwagika. Nilikuwa darasa la nne, mwaka wa mtihani wa kwenda shule ya kati. Baba alishasema wazi kwamba nisipofaulu nitabaki nyumbani nifundishwe kusuka ukili mpaka aje mtu wa kunichumbia. Nilipenda shule kuliko kitu chochote, na niliona kabisa kwamba naikosa kwa ajili ya mkono.

Ndipo walipokuja vijana wa chuo kufanya mazoezi ya kufundisha, na Zakaria akiwa mmoja wao. Tulimjua tayari kwa mpira. Mtaa mzima ulimwita Shoto, kwa mguu wake wa kushoto uliopiga mashuti ya kutisha, naye alicheza peku kama wenzake, vifundo vimefungwa bandeji. Siku moja wakati wa mapumziko alinikuta nyuma ya darasa naandika mchangani kwa kijiti, kwa mkono ule uliokatazwa. Nilikuwa nimeandika sentensi nzima ya somo la asubuhi, imenyooka. Nikaifuta haraka kwa mguu nikangoja kipigo. Yeye alichuchumaa, akaniambia niandike tena, akaisoma, akaondoka.

Jioni akaja nyumbani. Bibi alimpokea vizuri, akampa chai na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa ambavyo alikuwa akiviuza pamoja na karanga. Lakini alipogusia habari ya mkono, Bibi alimwambia kwa upole kwamba mkono wa kushoto una kazi yake, na kazi yenyewe tunaijua sote, na kama chuoni hawakumfundisha basi amuulize mama yake. Zakaria alicheka mpaka chai ikampalia. Hakubishana. Alimshukuru kwa matobolwa akaenda zake, nami nikajua imekwisha.

Jumamosi iliyofuata timu ya chuo ilicheza na timu ya gati. Sisi tulikuwa watu wa gati, damu na nyama. Baba alikuwa fundi wa mashua zao, na Bibi, ingawa hakujua sheria hata moja, alijua kutukana. Watoto walipanda juu ya mawe makubwa yale ya Mwanza kama pimbi wanaoota jua, na Bibi aliweka ungo wake wa karanga pembeni mwa uwanja, beseni la maji ya kusuuzia vikombe vya chai, na mimi nimsaidie. Mkono wangu siku hiyo alikuwa ameufungua, kwa sababu wateja walikuwa wengi.

Kabla mpira haujaanza, wazee wa gati wakagoma. Wakadai mguu wa Shoto umetiwa dawa kwao visiwani, na hawachezi mpaka uoshwe mbele ya watu wote, kwa maji yaliyotoka upande wao. Refa alikuwa karani, mtu mpole, akaona bora uoshwe mchezo uanze. Maji ya karibu yalikuwa ya Bibi. Nikaitwa na beseni langu na kata, uwanja mzima unatazama. Zakaria akanyoosha mguu, akanikonyeza, na mimi kwa woga nikachota nikammiminia. Nilimimina kwa kushoto.

Kelele iliyopigwa hapo sijaisahau. Wazee wakasema sasa ndiyo mmeharibu kabisa, maji ya mkono wa kushoto juu ya mguu wa kushoto, hiyo siyo kuosha, hiyo ni kuongeza dawa. Bibi akaja mbio na utepe wake mkononi, uso umemshuka kwa aibu. Zakaria akasimama katikati yetu, mguu unachuruzika maji, akasema kwa sauti ya kusikika na watu wote.

"Bibi, tuwekeane ahadi. Huu mguu ukifunga goli leo, mtoto aachiwe mkono wake aandike. Usipofunga, sitakusumbua tena."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Bibi alimtazama kipa wa gati, pande la mtu aliyebeba robota mgongoni kila siku, akasema haya, nakubali, na Mungu ni shahidi.

Kwa hiyo nilikaa kando ya ungo wa karanga, mtoto wa gati, mjukuu wa Bibi aliyekuwa akiwazomea chuo kwa sauti kubwa kuliko wote, na moyoni namwomba Mungu adui yetu atufunge. Sijawahi kuwa na siri nzito kama ile. Shuti la kwanza la Zakaria lilipiga mwamba, na Bibi akashangilia akinikumbatia. La pili kipa alilidaka kifuani, likasikika kama gunia limeangushwa. Gati wakapata goli lao, watoto wakaserereka kutoka kwenye mawe kwa furaha, na mimi nikatafuna kanga mdomoni nisilie.

Karibu na mwisho walikuwa wamemzunguka mabeki watatu, wote wamelalia kushoto kwake. Akaupeleka mpira upande wa pili, akapiga kwa kulia. Ulipita chini ya tumbo la kipa ukaingia polepole. Niliruka juu, kisha nikakumbuka ahadi ilikuwa ya mguu gani. Bibi alikuwa ameshakumbuka kabla yangu. Aliwainulia majirani kidole kimoja na kuwaambia wote wawe mashahidi, goli ni la kulia. Mpira ukaisha sare ya moja kwa moja. Nilianza kuokota vikombe, na machozi yalikuwa yananidondokea ndani ya beseni.

Zakaria alikuja moja kwa moja kutoka uwanjani. Alipiga goti mbele ya ungo, akampa Bibi shikamoo, akamnyooshea mikono yote miwili.

"Bibi, nimeshindwa," akasema. "Sikuja kubisha. Ila mimi nilizaliwa na kushoto tu. Huu wa kulia niliufundisha nilipokwisha kuwa mkubwa, ukajifunza kwa sababu mwenzake alikuwa huru. Kama mama angenifunga, leo nisingekuwa na hata mmoja."

Bibi alimfungia matobolwa kwenye karatasi, akakataa kulipwa, akaniambia nibebe beseni. Usiku hakuniita kunikanda mkono.

Asubuhi nilipokaa kwenye uji nilimgeuzia ubavu anifunge kama kawaida. Utepe ulikuwa umefungia mdomo wa mfuko wa karanga. Bibi alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata uso.

"Kula kwa kulia," akasema. "Salimia kwa kulia, pokea kwa kulia. Hayo ya kalamu kamuulize yule Mkerewe wako."

Baadaye alikwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu, amejitanda kanga mpya, na rula haikunigusa tena. Zakaria alinifundisha kuinamisha karatasi ili mkono usifute wino. Mtihani nilifaulu. Nilikwenda shule ya kati, nikawa mwalimu, na kwa miaka yangu yote ya ubao watoto mashoto waliokaa mbele yangu waliandika kwa amani. Haya yote nayaona yametoka kwa kijana aliyekubali kushindwa mbele ya bibi kizee muuza karanga.

Yeye Kampala walimpenda. Walimpa njumu, akatuandikia kwamba mguu wa kushoto umezikataa, umetoka malengelenge. Mwaka wa uhuru alirudi akacheza Mwanza kwenye sherehe, bendera mpya juu ya uwanja uleule, na Bibi, ambaye sasa alikuwa haoni vizuri, aliomba aketishwe mbele. Kila mpira ulipofika kwa Zakaria aliniuliza ni mguu gani. Miaka michache baadaye goti lilimwishia Zakaria, akarudi Nansio akafundisha shule mpaka alipostaafu, na kila nilipokwenda kumtembelea alinipikia sangara akaniuliza habari za mkono wangu kama mtu anayeulizia mtoto.

Kwetu Waislamu wanawake hatufiki makaburini, lakini kwa wenzetu Wakristo wanafika, na watoto wake waliniomba nivuke ziwa. Nilikwenda na mjukuu wangu Nasra. Naye ni mashoto. Kwenye kivuko alikula chipsi kwa kushoto, akaandika kwenye simu kwa kushoto, akampa kondakta tiketi kwa kushoto, na yule kondakta hakugutuka. Nilitaka kumwonya, ulimi ukasita. Enzi zetu tulikuwa na adabu nyingi nzuri, na naililia shikamoo ya kweli, lakini utepe ule siulilii. Niliwaza pia kwamba yeye hana mtu kama Zakaria, na hatampata, kwa kuwa hakuna tena anachohitaji kutetewa.

Watu walipanga mstari kutupa udongo. Zamu yangu ilipofika nilichota kwa mkono wa kushoto. Kumpa mtu kitu kwa kushoto ni tusi, kila mtu mzima pale alilijua hilo, na nilisikia wanawake wa Nansio wakiguna nyuma yangu. Nikautupa taratibu, nikamwambia asante Mwalimu. Nasra alinishika kiwiko, akaniuliza kwa kunong'ona kama mkono wangu wa kulia unauma.

Nikamwambia hauumi, ila mimi na huyu tulikuwa tumezoeana hivyo.