Kamba Wadogo wa Mdomo wa Mto

Wengi waliokuja msibani walidhani dada yangu alikuwa muuza kamba. Mama mmoja alinishika mkono, akalia kwa uchungu, kisha akauliza, "Sasa nani atatuletea kamba wazuri?" Nilimshukuru tu. Dada hakuuza kamba hata mmoja maisha yake yote. Kazi yake katika ofisi ya uvuvi ilikuwa kujua baharini wamebaki kamba kiasi gani, na wakubwa kiasi gani, ili serikali iamue lini wavuvi wafunguliwe msimu na lini wasubiri.

Huwezi kuihesabu bahari. Kwa hiyo walichagua mahali kadhaa kwenye ramani, penye kamba na pasipo na kamba, wakawa wanavuta wavu palepale kila safari. Kisha dada anakaa kwenye kibao, anampima kila kamba gamba la kichwa, kuanzia nyuma ya jicho. Mkia hapimi, maana mkia unajikunja. Akimshika jike anamwinua kwenye mwanga. Aliyekaribia kutaga huonekana uzi wa kijani mgongoni. Kwa ajili ya kupima huko wavuvi walimpa jina la Mama Rula, na yeye akalipenda.

Mume wake alikuwa nahodha wa boti ya kamba. Mwaka ninaousimulia mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, nakaa kwao. Injini ya boti ya ofisi ilikufa, ofisi ikakodi boti ya shemeji. Msimu ulikuwa umefungwa, vijana wake wamekaa nchi kavu, na wote walisubiri dada aseme kamba wamekua.

Siku ya kwanza ofisi ilimpa dada wageni wa kushughulikia, kwa hiyo shemeji alikwenda kuvuta bila yeye. Alirudi na mabeseni yamejaa mpaka pomoni. Mkubwa wa ofisi alipiga makofi. Dada akakaa kupima, nami namwoshea vyombo. Mwanzoni alikuwa anaimba. Baadaye akanyamaza. Kamba wote walikuwa wanene, wanalingana kama waliochaguliwa sokoni. Akakwangua tope lililoganda kwenye wavu, akalisugua kati ya vidole.

"Hili tope ni la kina kirefu," alisema, kama anayejisemea.

Jioni, tukiwa mezani, alimuuliza mumewe, "Nahodha wangu, leo mlivuta wapi?"

"Pale pale ulipotuambia."

"Pale pale?"

"Karibu na pale pale."

"Karibu kiasi gani, shemeji?" nikadakia.

"Wewe kula," akanijibu, na sote watatu tukacheka. Lakini dada aliacha kucheka kwanza.

Shemeji akaweka kijiko chini. "Mke wangu, unanituma nikavute mahali ambapo hata kamba mwenyewe angepotea. Nirudi na beseni tupu, watu wananiona? Mkono wenyewe unageuza usukani."

"Beseni tupu nalo ni jibu, baba."

"Na vijana wangu niwajibu nini?"

"Nikisema bahari imejaa, mwaka huu mtavua. Mwakani mtavuta tope hilohilo, tupu." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Kesho nitamwambia mkubwa turudie. Ukikataa, nitaelewa. Ila hesabu za leo sitaziandika."

Shemeji alinyanyuka, akaenda kukaa nje. Dada alipiga magoti kando ya kitanda na mlango hakuufunga vizuri. Nilimsikia akimwomba Mwenyezi Mungu ampe moyo wa kusema kweli, na akishaisema, asimpoteze mume wake.

Asubuhi mkubwa alilalamika, "Lakini hawa wamenona!" Hata hivyo alikubali. Tulipofika gatini shemeji alikuwa tayari kwenye boti, injini inanguruma. Alimpa dada mkono akapanda, nami nikafuata.

Safari hiyo hakupinda popote. Wavu wa kwanza ulileta majani. Wa pili, kiwavi wa baharini na kiatu. Karibu na mdomo wa mto ukaleta kamba, lakini wadogo, wengine kama ukucha, wanarukaruka. Shemeji aliwachota kiganjani, akawatazama sana.

"Hawa ni watoto," alisema.

"Ndio hao."

"Wote?"

"Wote. Ndio wa msimu huu. Wanajiandaa kutoka kwenda baharini."

Dada alipima wachache. Waliobaki shemeji aliwarudisha majini mwenyewe, taratibu, kama anayelaza mtoto.

Tangazo la kusubiri lilipotolewa, wavuvi walijaa gatini, wamekasirika. Mmoja akapaza sauti, "Mama Rula! Rula hiyo tuichemshe na chumvi kiasi gani?" Watu wakaangua kicheko. Ndipo shemeji akapita katikati ya watu, akasimama kando yake.

"Aliyevuta wavu ni mimi," alisema. "Mara ya kwanza nilimdanganya mke wangu, nikavuta penye kamba. Mara ya pili nilivuta alipotaka, nikaona kwa macho yangu. Mwenye hasira aje nyumbani kwangu, asimfuate mama huyu."

Hakuna aliyekuja. Wiki zile zote shemeji alibeba mchanga kwenye ujenzi, pamoja na wale vijana wake. Alirudi na saruji kwenye nywele, dada anampashia maji na kumwosha kichwa uani, anamkaripia kwamba amezeeka ghafla. Na kila jioni, macho yamefumbwa kwa sabuni, alimuuliza swali lilelile, kama baba anayeulizia wanawe walioko safarini:

"Wamekua?"

"Wanakua," dada alimjibu. "Inamisha kichwa."

Mungu alimjibu dada yangu ombi lake, na miaka yote iliyofuata mume wake alikuwa wake. Ninamwomba sasa amshike mkono shemeji, maana nyumba imekuwa kimya na hakuna wa kumkaripia.