Nani Anafagia Ng'ambo?

Usidanganywe na miwani yake iliyofungwa uzi. Huyu mama mkaguzi wa kodi hapandishi sauti. Ananyoosha kila karatasi kwa kiganja kama anapiga pasi sare ya mtoto. Juzi wakili wa kampuni kubwa alimletea faili: eti faida yote imepatikana tawi la ng'ambo. Mama akigonga muhuri, nchi haipati hata senti. Akasoma mpaka mwisho.

“Mwanangu, huko ng'ambo nani anafagia ofisi?”

Wakili akacheka. “Mama, hilo nalo swali la kodi?”

“Ofisi yenye watu huchafuka.”

Wakili akapekua mikataba, akarudia. Hakukuta mfagiaji wala bili ya maji. Mama akausukuma muhuri pembeni, akachonga penseli taratibu.

“Haya. Na ofisi zenu za hapa zinafagiwa na wangapi?”