Mama Anauliza Kama Barabara ni Nzuri

Tok, tok, tok. Fimbo ya prof wetu wa Kingereza ilikuwa inagonga ubao, pigo moja kwa kila neno, na sisi watoto wa Kasongo tulikuwa tunaimba nyuma yake bila kujua tunaimba nini. Hata leo fundi akigonga mbao karibu na kwetu, ulimi wangu unataka kuitika.

Siku ile alitufundisha namna ya kupeleka ulizo la mwengine. Ukiuliza mtu uso kwa uso, alisema, kitenzi kinatangulia. Ukibeba ulizo la mwengine, kitenzi kinarudi nyuma ya mwenye kutajwa, na alama ya kuuliza inafutwa. Wenzangu walikuna vichwa. Mimi nilifurahi, maana kubeba maulizo ilikuwa kazi yangu ya kila juma.

Baba alikuwa ameenda kuchimba dhahabu Salamabila, na misimu miwili ya mvua ilipita bila salamu. Kwetu mke wa mtu hasimami kwa watu wa pikipiki wanaotoka kule kuulizia bwana yake. Anatuma mtoto. Na mtoto hamtaji baba. Anasema mama anawasalimia, anauliza kama barabara ya Salamabila ni nzuri. Mwenye habari ataelewa. Basi wananieleza matope, shimo kwa shimo mpaka Kabambare, na mimi narudisha matope nyumbani. Barabara ile niliijua kuliko wale walioanguka ndani yake.

Prof akaniita ubaoni. Aliandika kwa Kingereza: baba yako yuko wapi? Akanipa chaki nigeuze, kama vile mtu mwengine ndiye anauliza. Nikasema kwa Kiswahili, polepole, "Sijui, prof."

Darasa likacheka. Naye, bila ubaya wowote, akasema, "Zaina, mimi sikuulizi. Nakupa mufano tu."

Tulipotoka nilipita kwa kaka Ramazani, jirani yetu mwenye pikipiki. Sikumpa salamu za mama. Nilimuuliza uso kwa uso baba yangu yuko wapi. Aliendelea kukaza cheni ambayo ilikuwa imekwisha kukazwa.

"Iko muzima," akasema. "Iko na bibi mwengine kule, na mutoto. Mama yako anajua. Nilimwambia mbele ya mvua kuanza."

Nyumbani mama alikuwa anatwanga sombe. Akauliza barabara ikoje. Nikamwambia matope ni mengi. Akaitika kwa kichwa, akaongeza majani ya muhogo kinuni.

Nilikuja kuelewa nikiwa mkubwa kwamba hakuwa anatafuta jibu. Alitaka watu wamwone mtoto wake akipita kuuliza, kwa maana nyumba ambayo ingali inaulizia bwana haijaachwa. Lakini siku ile sikuwa na la kumfanyia. Nilichukua bidoni tupu la maji nyuma ya jiko, nikashuka mtoni peke yangu, bila mtu kunituma.